Shoti Inayotangulia Umeme: Kuipima Fyuzi ya Kielektroniki Kifaa Kinapowashwa

Fundi akitaka kujua kama kinga ya shoti kwenye bodi yake, yaani chipu iitwayo fyuzi ya kielektroniki, inafanya kazi, mara nyingi hukiwasha kifaa, akasubiri kitulie, kisha akagusisha waya wa chanya na wa hasi upande wa kutokea umeme. Taa inazima, moshi hakuna. Akiziachanisha nyaya, kifaa kinawaka tena. Anaandika kwamba kinga imepita na kazi inaendelea. Jaribio hilo lina maana yake, lakini linajibu swali moja tu: shoti ikitokea kifaa kikiwa tayari kinafanya kazi, kinga itawahi? Swali la pili halijaguswa kabisa. Shoti ikiwepo tangu kabla umeme haujafika, na umeme ukaikuta hapo, kinga itahimili?

Kwa mazingira yetu ya Dar es Salaam, swali la pili ndilo zito. Umeme hukatika na kurudi, na kila unaporudi, vifaa vyote vilivyoachwa kwenye soketi huwashwa upya bila mtu kuvishika. Waya uliotafunwa na panya darini, maji ya masika yaliyojipenyeza kwenye boksi la kamera ya getini, plagi iliyochomekwa vibaya gizani: hitilafu za namna hii huingia wakati umeme haupo, na umeme ukirudi huzikuta zimeshakaa. Bajaji yenye kifaa cha kufuatilia mwendo hukiwasha upya kifaa hicho kila dereva anapozungusha ufunguo. Sola ndogo kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu kule Mbagala huzimika betri yake ikiisha na kuamka jua likichomoza.

Majaribio haya mawili hayapimi kitu kimoja. Shoti ya ghafla hupima wepesi wa kinga. Shoti iliyotangulia hupima kama kinga inaweza kubeba joto. Fyuzi ya kielektroniki inaweza kufaulu jaribio la kwanza kila mara na bado ikaungua kwenye la pili, na sababu yake inaonekana wazi ukifuatilia kinachotokea ndani ya chipu.

Kilichomo ndani

Fyuzi ya kioo inayouzwa kila kona ya Kariakoo ni uzi wa chuma unaoyeyuka. Huchelewa kuamua. Kiwango cha kimataifa cha fyuzi hizo ndogo, IEC 60127, kinairuhusu hata fyuzi ya aina ya haraka kukaa hadi dakika 30 bila kukatika ikibeba mkondo mara 2.1 ya ule ulioandikwa juu yake. Mkondo ukifika mara 10, fyuzi hiyo hutakiwa kukatika ndani ya milisekunde 20. Kwa taa ya ukutani muda huo ni mfupi. Kwa prosesa inayotegemea volteji tulivu, milisekunde 20 ni muda mrefu mno: volteji itakuwa imeporomoka na kila kitu kwenye laini ile ile kimejizima.

Fyuzi ya kielektroniki huweka mosfeti kwenye njia ya umeme badala ya uzi: swichi ya silikoni inayofunguka na kupitisha mkondo mguu wake wa amri, uitwao geti, ukipewa volteji. Pembeni yake kuna saketi inayopima mkondo, inayolinganisha kipimo hicho na kikomo ulichokiweka kwa rezista moja, na inayoliendesha geti la mosfeti. Kwa kawaida kuna pia mguu wa kuwashia, mguu wa kutoa taarifa ya hitilafu, mguu wa kapasita (kihifadhi chaji) ndogo inayoamua volteji ya kutokea ipande kwa kasi gani, kinga ya volteji ya chini na kinga ya joto. Mfano ni TPS25940 ya Texas Instruments: hufanya kazi kati ya volti 2.7 na 18, na mosfeti yake ina ukinzani wa takribani miliomu 42. Joto la ndani likikaribia nyuzi 150 au 160 za Selsiasi, kutegemea chipu, mosfeti huzimwa. Baada ya hapo zipo zinazojaribu tena zenyewe, na zipo zinazojifunga mpaka mtu azizime na kuziwasha upya. Kwenye TPS25940, herufi A mwishoni mwa jina ni ya inayojaribu tena, na L ni ya inayojifunga. Herufi hiyo moja isikuponyoke unapoagiza, kwa sababu kifaa kizima kitabadilika tabia kwa ajili yake.

Chukua mfumo wa volti 12 wenye kikomo cha ampea 2. Kazi ikiwa ya kawaida, mosfeti imefunguka kabisa, na ampea 2 zikipita kwenye miliomu 42 joto linalozalishwa ni wati 0.17 hivi. Chipu haipati hata jasho. Sasa weka shoti upande wa kutokea kabla ya kuwasha. Saketi inaanza kulifungua geti polepole, mkondo unapanda hadi ampea 2, na hapo udhibiti unaushikilia usizidi. Lakini upande wa kutokea uko kwenye sifuri. Volti zote 12 zimeiangukia mosfeti. Volti 12 mara ampea 2 ni wati 24, zaidi ya mara 140 ya joto la kazi ya kawaida, ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kikomo kikiwa ampea 5, ni wati 60.

Shoti ya ghafla ina sura tofauti. Hapo mosfeti imefunguka kabisa na geti lake limejaa chaji. Shoti inapotokea, mkondo hupanda kwa kasi inayoamuliwa na volteji na induktansi ya nyaya, yaani tabia ya waya ya kuupinga mkondo unapotaka kubadilika ghafla: volti 12 kwenye mikrohenri 1, ambayo ni takribani induktansi ya mita moja ya waya, ni ampea 12 kwa kila mikrosekunde. Saketi ikichelewa mikrosekunde mbili, mkondo umeshapita ampea 20. Hatari kubwa hapa ni mkondo huo na mshtuko wa volteji unaofuata ukikatwa ghafla. Ampea 30 zikizimwa ndani ya mikrosekunde 1 kwenye mikrohenri 1 huzaa volti 30 juu ya zile 12 zilizopo, na chipu yenye kikomo cha volti 20 haitoki salama hapo bila diodi ya kunyonya mshtuko upande wa kuingilia. Upande wa kutokea nao, mkondo unaotaka kuendelea kutembea huivuta volteji chini ya sifuri, ndiyo maana huwekwa pale diodi ya Schottky, inayopitisha mkondo upande mmoja tu na kwa haraka.

Kwa hiyo aliyejaribu shoti ya ghafla tu amehakikisha saketi ya kulinganisha ina kasi na diodi zipo. Kuhusu zile wati 24 hajui kitu.

Mapacha wa milisekunde za mwanzo

Kuna ugumu mwingine unaoikabili kinga wakati wa kuwasha, na kwangu huu ndio kiini cha mada yote. Karibu kila kifaa kina kapasita kubwa upande wa kutokea. Kapasita isiyo na chaji na waya wa shoti ni mapacha kwa macho ya saketi: vyote viko kwenye volti sifuri, vyote vinavuta mkondo wote utakaopewa. Kinga inayokata kila inapoona mkondo mkubwa itakizuia kifaa kizima kisiwake kamwe. Inayosubiri mno itajipika yenyewe juu ya shoti.

Kinachowatofautisha ni muda. Kapasita huanza kujaa na volteji inapanda, shoti haipandi. Mkondo wa kujaza ni ukubwa wa kapasita mara kasi ya kupanda kwa volteji. Kapasita ya mikrofaradi 470 ikipandishwa hadi volti 12 ndani ya milisekunde 10 hula ampea 0.56. Ukitaka ipande ndani ya milisekunde 1, itahitaji ampea 5.6, nayo kinga ya ampea 2 itaikatalia. Kinga ikiishikilia kwenye ampea 2, kapasita itajaa kwa milisekunde 2.8 hivi.

Wengi hawaamini jambo linalofuata mpaka walikokotoe wenyewe. Nishati inayobaki ndani ya mosfeti wakati wa kujaza kapasita ni sawasawa na ile inayohifadhiwa kwenye kapasita, uijaze haraka au polepole. Kwa mikrofaradi 470 na volti 12 ni milijouli 34. Kupunguza kasi hakupunguzi nishati hiyo, kunaitandaza tu kwenye muda mrefu zaidi ili joto lipate nafasi ya kusambaa kwenye shaba ya bodi. Shoti yenyewe, ndani ya milisekunde zile zile 2.8 na kwa ampea zile zile 2, huacha milijouli 68, mara mbili yake, na haikomi hapo. Inaendelea kuongeza milijouli 24 kila milisekunde mpaka kinga ya joto ikate.

Ndiyo sababu chipu nyingi zina ujanja wa kushusha kikomo cha mkondo kadiri volteji iliyo juu ya mosfeti inavyokuwa kubwa. Mwanzoni, pale volti zote 12 zimeielemea, huruhusu mkondo mdogo, na volteji ya kutokea ikipanda kikomo hurudi juu. Ni ulinzi mzuri, ila una gharama. Mizigo kadhaa huvuta mkondo mkubwa zaidi volteji ikiwa chini. Kibadilisha volteji kinachohitaji wati 12 huvuta ampea 1 kwenye volti 12, lakini kikianza kazi mapema, kwenye volti 5, kitadai ampea 2.4. Kinga ya ampea 2 haitakipa. Volteji inakwama katikati, mosfeti inachemka, na utasema kuna shoti wakati hakuna. Dawa yake ni kuuzuia mzigo usiamke mpaka volteji ya kutokea iwe imefika juu, kwa kutumia mguu wa chipu unaotangaza kwamba umeme uko tayari.

Hata mzigo wa kawaida wa rezista huchangia. Rezista ya omu 6, volteji ikiwa inapanda taratibu kutoka sifuri hadi 12, huiletea mosfeti joto la juu kabisa pale volteji ikiwa nusu: volti 6 juu ya mosfeti, ampea 1 inapita, wati 6. Joto hilo linajumlishwa na lile la kapasita. Kwa hiyo jaribio la kuwasha lisifanywe kwa shoti peke yake. Lifanywe pia kwa kifaa kizima chenye kapasita kubwa kuliko zote na mzigo wote, kuhakikisha kinga haimfungii mlango mwenye haki.

Chanzo cha umeme kinachodanganya

Nikiambiwa kwamba chipu imepita jaribio la kuwashwa juu ya shoti, swali langu la kwanza ni chanzo gani cha umeme kilitumika. Hapa ndipo matokeo ya uongo huzaliwa.

Tuseme kikomo cha fyuzi ni ampea 5 na chanzo cha umeme cha mezani kimewekewa kikomo cha ampea 3. Umewasha juu ya shoti. Kabla fyuzi haijafikia kikomo chake, chanzo kimeshafika chake na kuishusha volteji yake chini kabisa. Volteji ya kuingilia ikiporomoka, kinga ya volteji ya chini ndani ya chipu inaizima mosfeti. Mkondo umekatika, hakuna moshi, inaonekana kama ushindi. Kinga ya shoti haikufanya kazi hata kidogo, na mosfeti haikuonja zile wati 60 kwa sababu volti 12 hazikuwepo tena. Mara nyingi kinachofuata ni mtetemo: mzigo ukiondoka volteji inarudi, chipu inaamka, inaikuta shoti, volteji inaporomoka, mzunguko unaanza upya. Kwenye osiloskopu, chombo kinachochora volteji kadiri muda unavyopita, utaona meno ya msumeno kwenye laini ya kuingilia. Ukiyaona hayo, tupa matokeo, hujapima ulichokusudia.

Unahitaji chanzo chenye nguvu zaidi ya kile kifaa kitakachokutana nacho mtaani. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayokaa ndani ya UPS na inayopatikana mjini bila shida, inafaa sana. Ukinzani wake wa ndani ni makumi machache ya miliomu, kwa hiyo kwenye shoti ya moja kwa moja inaweza kutoa mamia ya ampea kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo hiyo inaweza kuyeyusha waya na kuunguza mkono. Weka fyuzi ya akiba mfululizo na betri, karibu na nguzo yake, na vaa miwani. Vua pete na saa ya chuma.

Nyaya nazo ni sehemu ya jaribio. Nyaya ndefu zina induktansi, na mkondo ukianza kupanda ghafla huishusha volteji kwenye mlango wa bodi hata kama betri imesimama imara. Wapo wanaoongeza kapasita kubwa ya elektrolitiki karibu na bodi ili volteji itulie. Mimi nakubaliana nao kama kapasita hiyo itakuwepo pia kwenye bidhaa. Kama mteja ataunganisha kifaa kwa mita 5 za waya mwembamba kutoka kwenye betri ya bajaji, jaribu kwa mita 5 za waya huo huo, na jaribu pia kwa waya mfupi na mnene, kwa sababu kila mmoja unafichua tatizo lake.

Shoti yenyewe isiwe ya kugusisha kwa mkono. Mkono hutetemeka, waya hudunda, na kila mdundo ni jaribio jingine lisilorudiwa sawasawa. Uzuri wa shoti iliyotangulia ni kwamba inaweza kuwa ya kudumu: lehemu kipande kifupi cha waya mnene moja kwa moja kwenye miguu ya kutokea. Kwa shoti ya ghafla tumia mosfeti nyingine kama swichi, maana rilei nayo hudunda.

Kuwasha kwa njia mbili, na ya tatu ya jua

Kuna njia ya kuwasha ambayo volteji ya kuingilia ipo tayari na unaugusa tu mguu wa kuwashia. Hapo saketi ya udhibiti imeshaamka, imejipanga, na inalifungua geti kwa utaratibu. Ni jaribio safi na rahisi kurudia. Lakini umeme wa kweli hauji hivyo. Umeme wa kweli huja kwa plagi kuchomekwa, na hapo saketi ya udhibiti yenyewe ndiyo kwanza inaamka.

Volteji ikiruka kutoka sifuri hadi 12 ndani ya muda mfupi sana, kapasita ya asili iliyopo kati ya dreni (mguu wa mosfeti unaopokea umeme) na geti lake huliinua geti juu kabla hakuna aliyetoa amri. Mosfeti inaweza kufunguka nusu kwa mikrosekunde chache, na kama kuna shoti upande wa pili, mkondo mkubwa wa muda mfupi mno hupita wakati hakuna kinga iliyo macho. Chipu nzuri zina njia ya kulibana geti hata zikiwa bado hazina umeme wa kutosha, lakini hilo halithibitiki kwa kusoma karatasi ya mtengenezaji, linathibitika kwa kuchomeka. Kwenye kuchomeka kuna jambo la ziada: kapasita za kauri kwenye mlango wa kuingilia zina ukinzani mdogo mno, zikikutana na induktansi ya waya volteji hupaa na kutetema, na inaweza kukaribia mara mbili ya ile ya chanzo. Volti 12 zinaonekana kama 24 kwa mikrosekunde kadhaa. Chipu inaweza kufa kwa hilo, na shoti ikasingiziwa.

Njia ya tatu ni ya polepole. Kifaa kilichounganishwa kwenye paneli ya sola bila betri imara hupokea volteji inayopanda kwa dakika nyingi alfajiri. Ikifika kizingiti cha kuamka, chipu inawasha, mzigo au shoti inaivuta volteji chini ya kizingiti, chipu inazima, volteji inapanda tena. Kwa hiyo pengo kati ya volteji ya kuamkia na ya kuzimia lazima litoshe, na jaribio la kupandisha volteji taratibu juu ya shoti lifanywe kwa makusudi. Ni jaribio linalosahaulika, na kwa nchi yenye sola nyingi kama yetu sioni sababu ya kulisamehe.

Kusoma picha

Mita ya mkononi haiwezi kuliona tukio hili. Milisekunde chache zimepita kabla namba haijabadilika. Unahitaji osiloskopu, iwekwe kunasa mara moja, ianze kunasa pale volteji ya mguu wa kuwashia au ya kuingilia inapopanda. Kwa shoti iliyotangulia anza na milisekunde 1 kwa kila kisanduku, kwa shoti ya ghafla mikrosekunde 1. Chaneli nne zikiwepo, tazama volteji ya kuingilia, ya kutokea, mkondo, na mguu wa taarifa ya hitilafu. Zikiwa mbili, volteji ya kuingilia na mkondo ndivyo vya kwanza, kwa sababu ya ule udanganyifu wa chanzo.

Mkondo hupimwa kwa rezista ndogo, tuseme miliomu 10, ambayo kwa ampea 2 hutoa milivolti 20 tu, au kwa klampu ya osiloskopu inayopima mkondo wa moja kwa moja (DC). Hapa nasisitiza: vibanio vya hasi vya probu (nyaya za kupimia) zote vimeunganishwa pamoja ndani ya osiloskopu, na kwa kawaida hadi kwenye waya wa ardhi wa ukutani. Ukibana kimoja kwenye hasi ya bodi na kingine upande wa chanya ili kupima rezista iliyo juu, umetengeneza shoti nyingine kupitia osiloskopu yako. Bana vyote sehemu moja, kwenye hasi ya bodi, na kwa rezista iliyo upande wa chanya tumia chaneli mbili na uiagize osiloskopu itoe moja kutoka kwa nyingine.

Picha nzuri ina sura inayotambulika. Volteji ya kuingilia inashuka kidogo tu na kubaki. Mkondo unapanda bila kuruka, unafika kwenye kikomo au kwenye kile kikomo kilichoshushwa, unabaki hapo ukiwa bapa, kisha unaanguka hadi sifuri joto likifika. Volteji ya kutokea haiondoki sifuri, labda milivolti chache za ukinzani wa waya wenyewe. Mguu wa taarifa unabadilika. Hakikisha pia kwamba anayeusikiliza mguu huo ana umeme: mara nyingine mikrokontrola inayotakiwa kupokea taarifa inapata umeme wake kutoka upande ule ule uliokatwa.

Kisha badilisha hali. Mfumo wa betri ya asidi ya volti 12 kwa kweli hutembea kati ya volti 10.5 betri ikiwa imeisha na karibu 14.4 ikiwa inachajiwa, na kwenye volti 14.4 zile wati 24 zimekuwa karibu 29. Joto la kuanzia nalo. Maabara yenye kiyoyozi ina nyuzi 25, na chipu ina nyuzi 125 za kupanda kabla ya kufika 150. Boksi lililofungwa chini ya bati mwezi Februari, nje kukiwa nyuzi 32, linaweza kufika nyuzi 60 ndani, na nafasi iliyobaki ni nyuzi 90. Kapasita iliyojazwa bila tatizo maabara inaweza kuizimisha chipu hiyo hiyo kwenye boksi. Ipashe bodi moto, pima joto lake kwa thamokapo (waya wa kupimia joto), ndipo uwashe.

Chipu inayojaribu tena yenyewe iachwe juu ya shoti kwa saa nyingi, kwa sababu kila jaribio ni pigo jingine la joto na baadhi ya udhaifu huonekana baada ya mapigo mengi tu. Inayojifunga huonekana salama zaidi, lakini kila umeme ukikatika na kurudi, kufuli lake hufunguka na inaikuta shoti upya. Kwa hiyo nayo iwashwe na kuzimwa mara nyingi juu ya shoti, bila kuipa muda wa kupoa kabisa.

Mwishoni mwa kila mfululizo pima tena vitu viwili ulivyokuwa umevipima kabla ya kuanza: ukinzani wa mosfeti ikiwa imewashwa, na mkondo unaovuja ikiwa imezimwa. Mosfeti iliyojeruhiwa inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikivuja, na kuharibika kwake kwa kawaida ni kubaki imefunguka, yaani umeme unapita bila kizuizi. Fyuzi ya kioo ikifa hukata. Fyuzi ya kielektroniki ikifa inaweza kuwa waya.

Kwa ajili hiyo bodi inahitaji pia fyuzi ya kawaida ya akiba upande wa kuingilia, na fyuzi hiyo ina jaribio lake. Kwa kikomo cha ampea 2, fyuzi ya ampea 4 ya aina ya polepole haitasumbuliwa na kazi ya ile ya kielektroniki: hata ampea 30 kwa mikrosekunde 5 ni nishati ndogo mno kuyeyusha uzi wake. Unganisha waya kuivuka mosfeti, kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea, ili kuiga chipu iliyokufa, acha shoti mahali pake, simama mbali, washa kwa betri. Njia za shaba kwenye bodi zinatakiwa kubaki nzima na fyuzi ikatike bila kupasuka. Fyuzi ya kioo ya uwezo mdogo wa kukatia imeahidiwa kukata salama ampea 35 tu, au mara 10 ya mkondo wake ikiwa hiyo ni kubwa zaidi, na betri ya UPS inaweza kutoa mara kadhaa ya hapo. Zile zenye uwezo mkubwa wa kukatia, ambazo kwa kawaida ni za kauri zilizojazwa mchanga, zimepimwa kwa ampea 1500, lakini kwenye umeme mgeu (AC, kama ule wa ukutani) wa volti 250, kwa hiyo kabla ya kununua tafuta kwenye karatasi yake namba ya umeme wa moja kwa moja.